Kusoma slaidi ya utumbo: kuanzia kipande cha machinjioni hadi seli moja moja

Slaidi ya utumbo ikimshinda msomaji, sababu huwa ni moja kati ya mbili: ama tishu ilichelewa kuingia kwenye formalini (maji ya kuhifadhia tishu), ama yeye mwenyewe alirukia lenzi ya x40 kabla ya kujua yuko tabaka gani. Seli za utumbo hutambulika kwa mahali zilipokaa kuliko kwa sura zao. Chembechembe nyekundu zikiwa chini kabisa ya kishimo (tezi kama mrija iliyozama kwenye ukuta wa ndani wa utumbo), seli hiyo ina jina moja. Zikiwa nje ya utando wa msingi (utando mwembamba unaokaliwa na seli za kishimo), hiyo ni seli nyingine kabisa.

Mfano tutakaoutumia ni utumbo wa mbuzi, kwa kuwa unapatikana na unafanana na wa binadamu kwa mengi. Pale wanapotofautiana tutasema.

Kipande

Nenda machinjioni na chupa za formalini mkononi. Usingoje utumbo ufike buchani. Utumbo una vimeng'enya na bakteria wake, na ncha za vijidole vya mukosa, yaani tabaka la ndani kabisa la utumbo (vitabu vingine huviita vili), huanza kumomonyoka dakika chache tu baada ya damu kusimama. Kipande kiwe kimeingia kwenye formalini ndani ya dakika 10 hadi 15. Utumbo uliokwisha kugeuzwa, kuoshwa na kukwanguliwa hauna epitheliamu (safu ya seli inayofunika mukosa) tena. Unafaa kwa supu, haufai kwa hadubini.

Chukua vipande vinne vya sentimita 2 hivi: duodeni ndani ya sentimita 5 za kwanza baada ya tumbo, jejuni katikati, ileamu karibu na inapoungana na sikamu, na koloni. Weka ndani ya kila chupa karatasi iliyoandikwa kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka kwenye alkoholi.

Usikamue kinyesi kwa vidole. Ukibana, unasaga kile unachokitafuta. Sukuma maji ya chumvi ya 0.9% taratibu kwa sirinji. Maji matupu ya bomba huzifanya seli zivimbe. Kisha pasua utumbo kwa mkasi ukifuata mstari ule ulioshikwa na mesenteri (utando unaoning'iniza utumbo). Usipasulie upande wa pili, kwa kuwa huko ndiko mabaka ya Peyer (makundi ya seli za kinga) yalipo, na mkasi utayakata katikati. Bandika kipande kwa pini kwenye kizibo au boksi nene, mukosa ikitazama nje, ukielekeze chini ndani ya formalini. Kisipobandikwa, misuli hujikunja na kipande kujiviringisha, na hapo hutapata kijidole kimoja kilichosimama wima.

Formalini iwe na bafa. Kwa lita 1: mililita 100 za formaldehidi ya 37–40%, mililita 900 za maji yaliyokenekwa, gramu 4 za sodiamu dihidrojeni fosfeti (monohaidreti) na gramu 6.5 za disodiamu hidrojeni fosfeti isiyo na maji. Ujazo wake uwe mara 10 hadi 20 ya ujazo wa tishu. Formalini isiyo na bafa hugeuka asidi polepole na kuacha chembe za kahawia hadi nyeusi palipo na damu, ambazo mwanafunzi huziita bakteria au vimelea. Formalini hupenya kama milimita 1 kwa saa mwanzoni, kisha hupungua kasi. Acha kipande saa 24. Fanya kazi hii penye hewa ya kutosha na uvae glavu: mvuke wake huchoma macho na formaldehidi imethibitika kusababisha saratani.

Nta na kisu

Punguza kipande kiwe na unene wa milimita 3 hadi 4. Kikaushe kwa ethanoli: 70%, 95% mara mbili, 100% mara tatu, saa 1 kila moja. Zailini (kiyeyushi cha nta) mara mbili, saa 1 kila moja. Nta ya parafini ya nyuzi 58–60 za Selsiasi mara mbili, saa 1 kila moja. Ukiruka hatua moja ya ethanoli ya 100%, maji yatabaki ndani, nta haitaingia, na katikati ya bloku patakuwa laini; kisu kikifika hapo tishu hung'oka na kuacha tundu.

Hatua inayoamua kila kitu ni kukisimamisha kipande ndani ya nta. Kisimame kwa ubavu, ili kisu kipite kuanzia uwazi wa utumbo hadi serosa (tabaka la nje kabisa) kwa mara moja. Kikilazwa chali, kisu kitakata vijidole kwa upana, na slaidi nzima itajaa visiwa vya mviringo visivyo na mpangilio. Kata maikromita 4 hadi 5. Maji ya kutandazia yawe nyuzi 45 hivi. Yakizidi moto, nta huyeyuka na epitheliamu huachana na shina lake. Kausha slaidi kwenye oveni ya nyuzi 60 kwa dakika 30 hadi 60.

Rangi

Hematoksilini na eosini ndiyo ya kuanzia. Ondoa nta kwa zailini mara mbili, dakika 5 kila moja. Shuka kwenye ethanoli 100%, 100%, 95%, 70%, dakika 2 kila moja, hadi maji. Hematoksilini ya Harris dakika 5, suuza, kisha chovya mara 2 au 3 tu kwenye asidi-alkoholi (asidi hidrokloriki 1% ndani ya ethanoli 70%). Suuza kwa maji ya bomba dakika 5 hadi 10 mpaka viini vigeuke kutoka wekundu hadi bluu. Kama maji yenu yana asidi kidogo viini vitakataa kubadilika. Tumia maji yaliyotiwa magadi kidogo au chumvi za Scott. Eosini 1% dakika 2, kisha panda haraka: 95%, 100%, 100%, zailini, gundi ya DPX na kioo cha kufunikia. Ukikawia kwenye ethanoli ya 95% eosini itaondoka yote.

Kwa ute, tengeneza slaidi ya pili kwa PAS: asidi ya periodiki 1% dakika 10, suuza, kitendanishi cha Schiff dakika 15, maji ya bomba yanayotiririka dakika 10. Ute na ukingo wa brashi (ukingo wa seli unaotazama uwazi) hutoka rangi ya zambarau iliyokolea. Bluu ya alsiani ya pH 2.5 kwa dakika 30 huonyesha ute wenye asidi kwa bluu. Slaidi hii ya pili isionekane kama anasa. Nusu ya ubishi wa maabara kuhusu seli za ute humalizwa nayo.

Lenzi ya x4: tabaka kwanza

Tafuta uwazi wa utumbo, kisha tembea kuelekea nje. Tabaka ni nne: mukosa, sabmukosa, misuli, na serosa. Mukosa yenyewe ina sehemu tatu: epitheliamu, lamina propria (tishu laini iliyo chini ya epitheliamu), na ukanda mwembamba wa misuli ya mukosa. Ukanda huo ndio mpaka wako. Kila kilicho upande wake wa ndani ni mukosa, kila kilicho nje ni sabmukosa. Mtu asiyeupata ukanda huo asiendelee na x10.

Sasa tofautisha mkunjo na kijidole, kwani vyote viwili hujitokeza kwenye uwazi. Tazama shina. Sabmukosa ikiingia ndani ya shina, huo ni mkunjo wa mviringo. Shina likiwa na lamina propria peke yake, hicho ni kijidole. Kijidole cha binadamu kina urefu wa milimita 0.5 hadi 1, na mkunjo mmoja hubeba vijidole vingi juu yake.

Misuli mikuu ina safu mbili: ya ndani huzunguka, ya nje huenda kwa urefu. Utumbo ukikatwa kwa upana, nyuzi za ndani zitaonekana ndefu na za nje zitaonekana kama nukta. Ukikatwa kwa urefu, ni kinyume. Kati ya safu hizo ndipo penye mtandao wa neva wa Auerbach: visiwa vya rangi hafifu, vyenye seli kubwa ambazo kiini chake ni cheupe na kina nukta moja nzito katikati. Mtandao wa Meissner uko kwenye sabmukosa na visiwa vyake ni vidogo zaidi. Daktari anayemshuku mtoto kuwa na ugonjwa wa Hirschsprung (kuzaliwa bila seli hizo za neva kwenye sehemu ya utumbo) anachotaka kujua kutoka kwenye slaidi ni kama seli hizo kubwa zipo au hazipo, kwa hiyo zizoee vizuri kwenye tishu yenye afya. Seli za Cajal, zinazoongoza mdundo wa misuli, zipo pembeni ya mitandao hiyo lakini hazitambuliki kwa rangi ya kawaida. Kuziona kunahitaji kingamwili ya CD117, protini iliyo juu yake.

Uko sehemu gani ya utumbo?

Duodeni ina tezi za Brunner ndani ya sabmukosa: vifundo vya seli nyeupe zenye ute, viini vikiwa vimelala chini. Tezi zinazovuka ukanda wa misuli na kukaa kwenye sabmukosa hazipatikani kwingine kwenye utumbo wa binadamu. Angalizo: kwa ng'ombe na farasi tezi hizi huendelea hadi jejuni, kwa hiyo usizichukue kuwa uthibitisho kamili kwa mnyama yeyote.

Ileamu ina mabaka ya Peyer, yaani makundi ya vifundo vya limfosaiti, yaliyoelezwa na Johann Conrad Peyer mwaka 1677. Kifundo kimoja peke yake hakitoshi kuiita sehemu ileamu, kwani vifundo vya pekee vipo hata kwenye jejuni na koloni. Kwa mbuzi na kondoo wachanga baka la ileamu ni moja refu lisilokatika, kwa mwana-kondoo huweza kupita mita 1, kisha hunywea mnyama anapokomaa. Ukichukua ileamu ya mbuzi mzee usishangae kukuta limfosaiti chache.

Jejuni haina Brunner wala baka kubwa. Ina vijidole virefu na vingi. Hutambuliwa kwa kile isichokuwa nacho.

Koloni haina vijidole kabisa. Ina vishimo vilivyonyooka, vimepangwa bega kwa bega kama mirija ya majaribio kwenye kishikizo, na seli za ute zimejaa. Safu ya nje ya misuli ya koloni ya binadamu imekusanyika katika mikanda mitatu. Mbuzi hana mikanda hiyo, kwa hiyo usiitafute.

Lenzi ya x10: kijidole au kishimo?

Hapa ndipo wengi hupotea, hasa kisu kikipita mshazari. Unaona mviringo uliozungukwa na seli ndefu. Ni kijidole kilichokatwa, au ni kishimo?

Angalia ukingo wa brashi uko wapi. Kijidole kilichokatwa kwa upana kina seli upande wa nje, ukingo wa brashi ukitazama nje, na katikati kuna lamina propria yenye mishipa na limfosaiti. Kishimo kilichokatwa kwa upana kina seli zinazotazamana, uwazi mdogo katikati, na lamina propria ipo nje yake. Kila kisiwa ukiulize swali hilo moja.

Ndani ya kijidole kilichokatwa kwa urefu tafuta mshipa wa limfu wa katikati. Una ukuta mwembamba wa seli bapa, na hauna chembe nyekundu za damu. Mara nyingi umenywea. Tundu jeupe lililo nchani, chini kabisa ya epitheliamu, silo huo mshipa: shina la kijidole lilisinyaa wakati wa kufa na epitheliamu ikaachana nalo. Mshipa una seli zake ukutani, tundu hili halina.

Kwa biopsi (kipande kilichokatwa kwa uchunguzi) ya duodeni ya binadamu, pima urefu wa kijidole dhidi ya kina cha kishimo. Uwiano wa 3 kwa 1 au zaidi ni wa kawaida. Pima kwenye kijidole kilichosimama wima, na kishimo chake kionekane hadi chini. Ukipima penye mshazari utamwandikia mtu mwenye afya ugonjwa asionao. Pia kumbuka kuwa watu wengi wa nchi za joto wanaoishi penye usafi duni wa maji huwa na vijidole vifupi na vinene kuliko vile vya kwenye atlasi za Ulaya, bila wao kujisikia wagonjwa.

Lenzi ya x40: seli yenyewe

Punguza kidogo diafragimu ya kondensa ili kingo zionekane. Ukiibana kupita kiasi kila kitu kitameremeta na utaona chembechembe zisizokuwepo.

*Enterosaiti* ndiyo iliyo nyingi: ndefu, kiini cha yai upande wa chini, na mstari wa waridi juu yake. Mstari huo ndio ukingo wa brashi, yaani maikrovili zenye urefu wa maikromita 1 hivi. Moja moja huonekana kwa hadubini ya elektroni tu. Kazi yake ni kumeng'enya hatua za mwisho na kufyonza. Ile hesabu ya kwamba utumbo ukitandazwa unalingana na uwanja wa tenisi iachwe sasa: vipimo vilivyochapishwa Uswidi mwaka 2014 vilifikia karibu mita 30 za mraba tu.

*Seli ya kikombe* hutoa ute. Kwa hematoksilini na eosini huonekana tundu jeupe au la bluu hafifu, na kiini kimebanwa chini kikawa pembetatu nyeusi. Tundu lisilo na kiini kilichobanwa ni ufa tu wa maandalizi. Seli hizi huongezeka kadiri unavyoshuka kutoka duodeni kwenda rektamu, kwa sababu kinyesi kinazidi kukauka.

*Seli ya Paneth* hukaa chini kabisa ya kishimo cha utumbo mwembamba. Ina umbo la piramidi na chembechembe kubwa nyekundu zinazotazama uwazi, zenye laisozaimu na difensini za kuua bakteria. Joseph Paneth alizieleza mwaka 1888. Mbuzi anazo, mbwa na paka hawana, kwa hiyo usipoteze saa nzima kuzitafuta kwenye slaidi ya mbwa. Kwa binadamu, zikionekana kwenye koloni ya kushoto, uliza kama kuna uvimbe wa muda mrefu, maana si mahali pake.

*Seli ya homoni* hufanana nayo kwa mbali, lakini chembechembe zake ni ndogo na zimekaa chini, kuelekea utando wa msingi, kwa kuwa humwaga homoni kwenye damu badala ya kwenye uwazi. Kariri mwelekeo: juu ni Paneth, chini ni homoni. Seli hizi ni kama 1% ya epitheliamu. Ipi hutoa sekretini, ipi kolesistokinini, ipi serotonini au GLP-1, slaidi ya kawaida haiwezi kukuambia. Kingamwili ya kromogranini A huonyesha kwamba ni seli ya homoni. Kujua aina yake kunahitaji kingamwili ya homoni husika.

*Eosinofili* ndiyo inayowadanganya wanaotafuta Paneth. Nayo ina chembechembe nyekundu, ila kiini chake kina vipande viwili na iko ndani ya lamina propria.

*Seli shina* ni nyembamba, zimejibana kati ya seli za Paneth. Alama yake, Lgr5, ilitambuliwa mwaka 2007 na maabara ya Hans Clevers huko Uholanzi. Kwa rangi ya kawaida usiseme umeiona. Unachoweza kuona ni seli zinazogawanyika katika nusu ya chini ya kishimo, viini vikiwa vimepanda kuelekea uwazi. Kutoka hapo enterosaiti hupanda na kudondoka nchani ndani ya siku 3 hadi 5, ndiyo maana dawa za saratani na mionzi hushambulia utumbo mapema. Paneth hushuka chini badala ya kupanda, nayo huishi wiki kadhaa.

*Limfosaiti za ndani ya epitheliamu* ni viini vidogo vyeusi vya mviringo, vina duara jeupe pembeni, na vimekaa kati ya enterosaiti. Hesabu dhidi ya viini 100 vya enterosaiti. Zikipita 25 kwenye duodeni ya binadamu, ziandike kwenye ripoti. Ugonjwa wa siliaki (utumbo kudhurika kwa gluteni ya ngano) ni sababu mojawapo, lakini si pekee.

Seli za M, zilizo juu ya baka la Peyer, na seli za kishungi zipo pia, ila kwa rangi hii ni kubahatisha. Kwenye lamina propria zilizobaki ni seli za plazma, ambazo kiini kimesogea upande mmoja, makrofaji na seli za masti.

Picha ikikataa

Ncha za vijidole zimekatika na seli zinaelea kwenye uwazi: tishu ilichelewa. Hakuna rangi itakayoiokoa. Angalia vishimo, kwani vyenyewe huharibika baadaye.

x4 na x10 ziko wazi, x40 inagoma kabisa: slaidi imegeuzwa chini juu, au gundi ni nene mno. Lenzi ya x40 imetengenezwa kwa kioo cha kufunikia chenye unene wa milimita 0.17. Kama ukungu unabaki hata slaidi ikiwa sawa, huenda mtu aliyetangulia alitumia mafuta ya x100 na kuigusisha x40. Ifute kwa karatasi ya lenzi yenye zailini kidogo sana.

Mistari sambamba inayopita tabaka zote ni mapengo ya kisu. Mikunjo myeusi ni tishu iliyojikunja kwenye maji. Seli zote waridi bila bluu: asidi-alkoholi ilizidi au hematoksilini imechoka.

Kwenye koloni za binadamu kutoka kando ya Ziwa Victoria huweza kuonekana yai lenye mwiba ubavuni, urefu wa maikromita 140 hivi, limezingirwa na kundi la makrofaji na eosinofili. Hilo ni yai la kichocho cha tumbo, *Schistosoma mansoni*. Likikatwa nusu mwiba hauonekani, kwa hiyo kata vipande kadhaa vya bloku hiyohiyo kabla ya kuandika.

Slaidi isiyo na lebo

Uliza kwa mpangilio: Kuna ukanda wa misuli ya mukosa? Kuna vijidole? Kuna seli za kikombe? Kuna tezi kwenye sabmukosa? Kuna limfosaiti zilizokusanyika?

Mitego miwili hurudi kila mtihani. Kibofu cha nyongo kina mikunjo inayofanana na vijidole, ila hakina misuli ya mukosa, wala sabmukosa, wala seli za kikombe zikiwa ziko sawa. Kidole tumbo kina vishimo kama vya koloni, lakini ni vichache, havina mpangilio, na vifundo vya limfosaiti vimezunguka uwazi karibu wote. Kwa mbuzi usitarajie mtego huu wa pili: hana kidole tumbo.